Injini ya boti inapokata pumzi ukifungua resi yote: anza kutafuta wapi

Inawaka kwa mvuto mmoja. Sailensa, yaani mzunguko wa chini bila resi, imetulia, ukitoka bandarini taratibu huoni kasoro yoyote. Ukifika nje ukazungusha mkono wa resi hadi mwisho, ndipo mambo yanapoharibika: inakohoa, inamisi, inazubaa, au inapiga kelele nyingi na boti haiendi. Ukirudisha resi nusu, inapona. Hakuna lalamiko ninaloletewa mara nyingi kama hili, na injini inaponifikia, kabureta huwa imeshafunguliwa na watu wawili watatu kabla yangu. Skrubu zimechubuka vichwa, gasketi imechanika, na kosa la mwanzo bado lipo palepale.

Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili: usianze na kabureta. Iulize injini kwanza, ikiwa majini, na mzigo wake ukiwa ndani ya boti. Itakujibu.

Ninayoandika hapa yanahusu injini ndogo za mafuta ya kuchanganya, za kabureta, farasi 8 hadi 40. Mfano wangu ni Yamaha Enduro ya farasi 15, silinda mbili, cc 246, kwa sababu ukienda Kilwa, Mafia au Ukerewe ndiyo utakayoikuta. Injini nyingine za aina hii zinafuata njia ileile.

Kabla ya yote: usiilazimishe

Injini ya mafuta ya kuchanganya haina oili yake pembeni. Oili inaingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, tena wakati pistoni inakwenda mbio kuliko wakati wowote na joto liko juu. Nahodha anayeshikilia resi mwisho ili injini "ijisafishe" anaweza kuiua ndani ya dakika chache. Nimefungua silinda nikakuta pistoni imekwanguka upande mzima na ringi zimenasa, na mwenyewe ananiambia ilikuwa inamisi tu kwa siku mbili. Basi majaribio yote yaliyomo humu yawe mafupi, nusu dakika inatosha. Ukiona dalili ya njaa ya mafuta, rudisha resi mara moja.

Na usifanye jaribio la resi yote injini ikiwa kwenye pipa la maji au imeungwa bomba nchi kavu. Bila mzigo itakimbia kupita kiasi, na hata isipovunjika haitakuonyesha kosa unalolitafuta. Nenda nalo majini, watu wawili, majaketi ya kujiokoa mwilini, kamba ya kuzimia injini imefungwa mkononi mwa anayeendesha. Msimu wa kusi fanyeni ndani ya ghuba.

Sema vizuri inaumwa nini

"Haina nguvu" haitoshi. Kuna aina nne, na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza: injini inalia kwa mizunguko mingi, sauti imepanda, boti haisogei. Hapo injini yenyewe ni nzima. Tazama propela.

Ya pili: inakwenda vizuri sekunde kadhaa au dakika moja, kisha inazama polepole kama mtu anayekabwa. Ukirudisha resi inapata pumzi, ukifungua tena inarudia. Hii ni njaa ya mafuta karibu kila mara. Bakuli la kabureta linajaa ukiwa polepole, linakauka ukikimbia.

Ya tatu: inamisi tangu unapofungua, inapigapiga, sauti haina mpangilio. Inaweza kuwa moto wa plagi, inaweza kuwa jeti, kile kitundu cha kupimia mafuta ndani ya kabureta.

Ya nne: inafanya kazi dakika 10 au 20, ndipo inalegea. Ikipoa, inarudi kuwa nzima. Hapo fikiria joto, au koili inayokufa ikipata moto.

Mwulize mwenye injini maswali haya kabla hujashika spana. Mwulize pia nini kilibadilika: propela mpya, tangi jipya, mafuta ya duka jingine, boti kubwa zaidi. Mara nyingi jibu limo humo.

Hatua ya kwanza: nchi kavu, bila kufungua kitu

Ondoa kifuniko. Injini ikiwa imezimwa, mwambie mtu azungushe mkono wa resi hadi mwisho nawe uchungulie mdomo wa kabureta. Kile kipepeo cha ndani kinapaswa kulala kabisa, hewa ipite wazi. Kebo iliyovutika au kukaa vibaya huacha kipepeo kikiwa robo tatu, na injini ya farasi 15 inapungukiwa nguvu bila kuugua ugonjwa wowote. Tazama pia kama choki imerudi yote. Kwenye injini hizi resi inageuza sahani ya moto chini ya gurudumu la juu ili plagi ziwake mapema zaidi. Hakikisha ile fimbo ya kuunganisha haijachomoka na sahani haijaganda kwa chumvi.

Kisha shuka chini. Propela yenye mbawa zilizopinda au kuliwa ukingoni hupoteza nguvu nyingi. Vua propela, uangalie mshipi wa nailoni uliojisokota kwenye mhimili. Ukiuacha utakula sili na maji yataingia kwenye gia.

Sasa lile jaribio ninalolipenda, na halina gharama. Katikati ya propela kuna kitovu cha chuma, na baina ya kitovu na mbawa kuna raba iliyobanwa. Raba hiyo ikichoka inateleza: injini inazunguka, mbawa zinabaki nyuma. Ukiwa polepole inashika, ukitia nguvu inaachia. Kwa macho huoni kitu. Chukua rangi au kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja mnyoofu nyuma ya propela, kuanzia kitovu cha ndani, upite juu ya raba, hadi kwenye chuma cha nje. Nenda majini, fungua resi yote mara moja, rudi utazame. Mstari ukiwa umekatika, nusu yake huku na nusu kule, umepata. Wapo walionunua injini mpya kwa sababu ya raba hiyo.

Angalia na kimo cha injini kwenye ubao wa tezini. Lile bapa lililo juu ya propela linapaswa kuwa usawa wa tako la boti au chini yake kidogo, sentimita 2 hivi. Likiwa juu, propela inanyonya hewa, hasa kwenye kona na mawimbi. Likiwa chini mno, unaburuta chuma majini. Injini za mguu mfupi hukaa kwenye ubao wa inchi 15, za mguu mrefu inchi 20. Boti zetu za mbao hujengwa kwa jicho la fundi, kwa hiyo pima, usikisie.

Na boti yenyewe? Mbao iliyonyonya maji, tako lililojaa chaza walioganda na ukoga, haliendi hata ukifunga injini ya farasi 25. Kama haijapandishwa pwani kukwanguliwa na kupakwa deheni muda mrefu, anza na hilo kabla ya kuilaumu mashine.

Hatua ya pili: njia ya mafuta, kutoka tangini hadi kwenye pampu

Hapa ndipo makosa mengi yalipo, na hapa nitakaa.

Mwaka fulani mzee mmoja nahodha, anayevusha mizigo kati ya Kilindoni na Nyamisati, alinijia amekata tamaa. "Fundi, mashine hii imezeeka. Nitafutie mteja, niiuze." Kabureta ilikuwa imesafishwa mara tatu. Nikamwambia, "Subiri mzee wangu, twende nayo nje kidogo." Tulipofungua resi ilikwenda kama mshale kwa dakika moja, halafu ikaanza kuzama. Nikashika ile pampu ya mkono iliyo katikati ya mpira wa mafuta. Ilikuwa imejibana, bapa kama chapati. Nikafungua kifuniko cha tangi, hewa ikaingia kwa sauti, *fyuuu*, na injini ikainuka palepale. Skrubu ya hewa juu ya kifuniko ilikuwa imeganda kwa chumvi. Ukiizungusha unahisi imefunguka, kumbe tundu limeziba. Mzee alinyamaza muda mrefu, akiitazama ile skrubu.

Kwa hiyo fanya hivi. Boti ikikimbia na injini ikianza kulegea, mwenzako abinye pampu ya mkono mfululizo. Majibu ni haya:

Injini ikiinuka kila akibinya, kabureta yako inafanya kazi, ila haipati mafuta ya kutosha. Kosa liko kati ya tangi na kabureta.

Pampu ya mkono ikiwa imenywea na haijai, kizuizi kiko nyuma yake: tundu la hewa la tangi, chujio la chini ndani ya tangi, mpira uliokunjika chini ya mzigo, au mpira wa zamani uliovimba ndani hata kama nje unang'aa.

Pampu ikiwa imejaa vizuri lakini injini inahitaji kubinyiwa, chunguza mbele: chujio dogo lililo chini ya kifuniko cha injini, halafu pampu ya mafuta ya injini yenyewe.

Pampu ya mkono ikiwa laini, haikazi hata ukiibinya mara 20, ama vali zake zimekufa ama kuna mahali panaingia hewa. Hewa inanyonywa kwenye viungo: ile klipu ya kuchomekea kwenye injini ina kiringi cha raba ndani, na kikikauka kinavuta hewa bila kuvujisha hata tone la petroli. Ukitaka kuona kwa macho, unga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kama sentimita 20, kabla ya pampu ya injini. Mapovu yakipita mfululizo resi ikiwa juu, kuna tundu.

Njia ya mkato kuliko zote: azima tangi na mpira wa jirani ambaye injini yake ni nzima. Ikipona, usiguse injini. Ukiwa na muda wa kufanya jaribio moja tu, fanya hili.

Pampu ya mafuta ya injini inasukumwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye tumbo la injini, na kazi yote inafanywa na vipande viwili vitatu vya utando mwembamba. Fungua, kinga utando kwenye mwanga. Tundu la ncha ya sindano au utando uliokakamaa, badilisha. Utando ukitoboka, petroli mbichi inaweza kupitiliza moja kwa moja hadi silinda moja, na utaona plagi moja imelowa na nyingine kavu.

Mafuta yenyewe nayo. Mimina kidogo kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, acha robo saa. Maji hukaa chini, mpaka wake unaonekana. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa, uchafu huu tunaoujua sote, hufanya injini imisi ikipata mzigo na kupata joto kupita kiasi. Kipimo cha oili kiwe kile kilichoandikwa kwa injini yako. Kwa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka oili mililita 400. Kwa 100 kwa 1, mililita 200. Kopo liwe na alama TC-W3, ambayo ni ya injini za boti. Oili ya gari usiiguse.

Hatua ya tatu: choki

Mafuta yanafika, bado haivuti. Sasa boti ikikimbia resi yote, vuta choki kidogo tu, nusu au pungufu, kwa sekunde mbili. Ikipata nguvu, ilikuwa na njaa ndani ya kabureta: jeti kuu imeziba, au kina cha mafuta ndani ya bakuli kiko chini mno. Ikizidi kuharibika au kuzima, kabureta haina njaa. Rudi kwenye moto wa plagi.

Hapa tu ndipo unapoifungua kabureta. Ondoa bakuli juu ya kopo jeupe na usimwage kilichomo. Matone ya maji utayaona yakiviringika chini kama shanga. Toa jeti kuu, ielekeze angani. Unapaswa kuona tundu la duara kamili. Likiwa na pembe au ukungu, kuna ulimbo wa petroli ya zamani. Loweka, puliza kwa upepo. Waya wa chuma usiingize kamwe: tundu likipanuka kidogo tu kipimo kimekufa. Utando wa pampu uliopo mwilini mwa kabureta utoe kabla ya kupuliza, usije ukaupasua.

Hatua ya nne: moto

Piga resi yote nusu dakika, kisha zima hapohapo kwa kuvuta kamba ya usalama, bila kurudisha taratibu. Mwambie mwenzako ashike kitu kabla hujavuta, boti itasimama ghafla. Toa plagi zote mbili, uziweke sambamba. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeupe yenye vidoa inasema joto na njaa. Nyeusi iliyolowa inasema haiwaki, au mafuta yamezidi. Iliyooshwa ikatakata kuliko mwenzake, hofia maji ndani ya silinda, yaani gasketi ya kichwa. Kwangu tofauti kati ya hizo mbili inasema zaidi kuliko rangi ya mojawapo, kwa sababu zote zinakunywa kabureta moja.

Zibadilishane mahali. Ugonjwa ukihama na plagi, plagi ndiyo mgonjwa. Ukibaki kwenye silinda ileile, fuata kofia ya plagi, waya na koili. Namba ya plagi iwe ile ya injini yako. Kwenye plagi za NGK kama B7HS-10, hiyo 10 ya mwisho ni nafasi ya milimita 1.0, na 7 ni kiwango cha joto. Namba ikiwa ndogo, plagi ni ya moto zaidi. Kuweka 5 mahali pa 7 kwa sababu duka halina ni kuhatarisha pistoni.

Usiku, kabla mwezi haujatoka, ni wakati mzuri wa kuangalia waya. Injini ikiwaka, kofia ya plagi iliyopasuka utaona cheche za bluu zikikimbilia kwenye chuma. Usiiguse. Na usivute kamba ya kuwashia ukiwa umechomoa waya ukaning'inia hewani. Ugandamize kwenye chuma cha injini, la sivyo unaweza kuchoma sidiai (CDI), kile kisanduku cha umeme kinachotuma moto kwenye plagi, na hiyo bei yake inaumiza.

Joto na mbano

Ikilegea baada ya dakika kadhaa, tazama maji ya kukojoa, yale ya kupozea yanayochuruzika nje injini ikiwaka. Yanatoka kwa nguvu? Weka mkono: yawe ya uvuguvugu unaovumilika. Yakiwa hafifu, sukuma mshipi wa nailoni kwenye tundu lake kwanza, huenda ni mchanga tu. Yasipoongezeka, badilisha raba ya pampu ya maji iliyo juu ya gia. Anayefanyia kazi maji ya mchanga na vina vifupi aibadilishe kila mwaka bila kungoja. Maji yakiwa mazuri na bado inalegea ikipata moto, pima cheche papo hapo kabla haijapoa, maana koili mbovu ikipoa inakudanganya.

Mbano, yaani nguvu ya pistoni kugandamiza hewa ndani ya silinda, pima mwishoni, kwa geji, plagi zote zikiwa nje, resi imefunguliwa, waya zimegandamizwa kwenye chuma, vuta kamba mara 4 au 5. Silinda hizo mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10, kuna ringi, pistoni au gasketi, na hiyo ni kazi ya karakana.

Injini ya pwani iliyohamia ziwani

Nieleze na hili, kwa sababu linawaponza watu na halimo kwenye injini. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 10 kuliko ya Tanga, na injini inapoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, huku kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani ikimwaga mafuta mengi kupita hewa. Aliyenunua injini pwani akaipeleka Mwanza ataona plagi nyeusi na mwendo hafifu hata kama kila kitu ni kipya. Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi, hali ipo ila si kali sana. Dawa ni jeti ndogo kidogo au, mara nyingi, propela nyepesi. Kumbuka tu kuirudisha jeti ya kwanza injini ikirudi baharini. Ukisahau, itakuwa na njaa, na umeshasoma njaa inafanya nini.

Propela nyepesi maana yake ni hii. Juu yake kuna namba mbili za inchi: ya kwanza upana, ya pili hatua, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja. Ukipunguza hatua kwa inchi 1, injini inaongeza mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Enduro ya farasi 15 inataka kufika kati ya 4,500 na 5,500 resi ikiwa mwisho. Kipimo kidogo cha mizunguko, kile cha kuzungushia waya kwenye waya wa plagi, si ghali, na kitakuambia mara moja. Ikiishia 3,900 na vipimo vyote vya juu ni safi, propela ni nzito kwa mzigo wako. Mvuvi anayerudi na boti imejaa dagaa anahitaji hatua ndogo kuliko anayepeleka wageni wawili kuogelea.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu rudi majini na mzigo uleule, mahali palepale, ujaribu. Ukibadilisha plagi, jeti na mpira siku moja na injini ikapona, hutajua kilichoiponya, na kosa likirudi ukiwa njiani kati ya bara na kisiwa utaanza upya gizani. Andika kwenye ukuta wa banda au ndani ya kifuniko cha injini: tarehe, kilichobadilishwa, mizunguko iliyofika. Yule mzee wa Kilindoni ndani ya kifuniko chake ameandika mstari mmoja tu kwa rangi nyekundu, FUNGUA HEWA YA TANGI, na injini bado anayo.